Jibu: Mbegu za mbuyu za Dodoma zimegoma kuota
Salaam mkuu. Umesema mbegu za mbuyu za Tanga na za Dodoma umezimwagia maji ya moto sawasawa, lakini za Dodoma zimegoma. Usizitupe! Fukua chache uzibonyeze: iliyovimba imeshapata maji, iliyo ngumu kama kokoto, ganda lake bado limejifunga na huenda iko hai. Hizo ngumu zikwangue kwa tupa hadi weupe uonekane, mbali na pale ziliposhikana na tunda, kisha uziloweke usiku kucha. Usizichemshe, unaweza kuua kiini. Mimi nimeona mibuyu miwili ya kijiji kimoja ikitofautiana hivyo, sembuse mikoa miwili. Sasa mbegu za kila mti naziweka mfuko wake, najaribu kumi kwanza.