Usimwage dawa kwenye tangi la maji taka kabla hujalifungua

Iweke chini hiyo pakiti ya unga. Umeandika kwamba choo chako kinashusha maji polepole, kwamba bomba la bafuni linakoroma kila mtu akivuta maji chooni, na kwamba fundi amekushauri umwage dawa ya kuyeyusha uchafu kila wiki ili usihangaike kuita gari la kunyonya. Kisha ukauliza kama dawa ya maji inashinda ya unga. Nami niliambiwa maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo tulivu, nikayaamini kwa miezi minane.

Pakiziba mahali pamoja, kosa huwa liko kwenye bomba la hapo. Choo na bafu vikigoma kwa pamoja, kama vyako, tangi ndilo la kutazamwa.

Mimi sikutazama, nilimwaga. Maji yakaanza kushuka vizuri, nami nikajigamba mbele ya shemeji zangu kwamba wanaoita gari la kunyonya hawana maarifa. Kumbe kazi ya tangi ni kuyatuliza maji, vizito vizame viwe tope, mafuta yaelee juu kama utando, na maji ya katikati tu ndiyo yatoke kwenda kwenye shimo la kunyonyea, ambako udongo huyanywa. Unga wangu ulilitibua tope lililokuwa limetulia, likasafiri pamoja na maji hadi shimoni, likaziba vinyweleo vya udongo kwa utelezi mweusi. Nyasi za juu ya shimo zilinawiri kupita zote uani, na mke wangu aliponiuliza sababu, nilijisifu kwamba nina mkono wa bustani.

Siku maji meusi yalipochomoza kwenye nyasi hizo ndipo nilipoita gari. Mfuniko ulipoinuliwa tulikuta utando mgumu kama ukoko wa wali, na chini yake tope lililofika kwenye mdomo wa kutolea maji, ambako kile kipande cha bomba chenye umbo la T, kinachozuia utando usitoke, kilikuwa kimeng'oka. Tangi lilinyonywa, likajaa tena hadi kupita mdomo huo ndani ya siku chache, kwa sababu shimo lilikuwa halinywi tena. Nilichimba shimo jipya na kulaza mabomba mapya, kwa gharama ambayo ingelipia kunyonya tangi kwa miaka mingi. Yule fundi, aliyeniuzia pakiti zote hizo, alisema huenda nilikosea vipimo.

Kwa hiyo fungua na upime kabla ya kumwaga chochote. Chukua mti mrefu, ufunge taulo jeupe kuukuu upande wa chini, uushushe taratibu karibu na mdomo wa kutolea hadi uguse sakafu, usubiri dakika chache, kisha uutoe polepole. Alama nyeusi itakuonyesha kina cha tope. Uso wa tope ukiwa umebakiza sentimita 30 au pungufu kufikia mdomo huo, au sehemu ya chini ya utando sentimita 15, ita gari. Nyumba nyingi hufikia hapo kati ya miaka 3 na 5, lakini pima kila mwaka. Usiingize kichwa, usishuke ndani hata kama kitu kimeanguka, na usiwashe moto karibu, kwani gesi ya humo huua, na pua huacha kuinusa mapema.

Mafuta ya kupikia, nepi na taulo za kike visiende chooni. Hilo nadhani unalijua.

Mwulize fundi wako mara ya mwisho kulifungua tangi hilo na kupima tope ilikuwa lini. Wangu, nilipomwuliza nikiwa nimeshachelewa, alinijibu kwamba tangi zuri halifunguliwi.