Maswali ya Wasomaji: Kumchagua Mwongozaji wa Kuwinda Elki

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni askari mstaafu wa wanyamapori, nina umri wa miaka 63, na ninaishi Rau, Moshi. Binti yangu ni muuguzi katika mji wa Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Yeye na wadogo zake wamechangishana fedha ili mwakani niende huko kuwinda elki, mnyama mkubwa wa porini mwenye pembe, jambo ambalo nimelitamani tangu nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha wanyamapori Mweka. Ameniletea majina ya kampuni tatu. Ya kwanza ni ghali na inaahidi kwamba kila mteja hupata dume. Ya pili ina bei ya kati na hutoa mwongozaji. Ya tatu ni nafuu: humpeleka mtu milimani kwa farasi, humwachia hema na vyakula, kisha humfuata baada ya siku 5. Nimefuata nyayo za nyati Selous kwa miaka mingi, na naona hiyo ya tatu inanitosha. Unanishauri nini? — Askari mstaafu, Moshi.

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Nianze na hiyo kampuni ya tatu, kwa sababu ndiyo inayokuvuta, nami naona ndiyo isiyokufaa kuliko zote. Ujuzi wako wa nyayo sina shaka nao, lakini nyati wa Selous ulimfuata mahali ambapo tayari ulijua maji yako wapi na upepo wa asubuhi unatoka upande gani. Elki wa Colorado, ambaye ni wa jamii ya yule ayala tunayemsoma katika Zaburi ingawa ni mkubwa zaidi, hupatikana sana kati ya mita 2,400 na 3,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Oktoba hali ya hewa ya huko inaweza kugeuka kutoka jua hadi theluji nzito ndani ya usiku mmoja. Dume aliyekomaa hufikia kilo 300 na zaidi. Ukimwangusha jioni, kilomita 6 kutoka kambini, ukiwa peke yako, utabaki na karibu kilo 100 za nyama isiyo na mifupa ambazo lazima zitoke msituni, kwa maana sheria ya jimbo hilo haimruhusu mtu kuondoka na pembe na kuiacha nyama ioze. Kambi za namna hiyo huwafaa vijana watatu au wanne wanaosaidiana, hasa waliokwisha kuwinda katika milima hiyo.

Hiyo ya kwanza nayo niikatae mapema. Colorado ina elki wengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, na hata hivyo, ukichukua wawindaji wote wa msimu mmoja, wanaofanikiwa kwa kawaida hawafiki robo. Mwongozaji mzuri huongeza nafasi hiyo, na ardhi ya binafsi isiyoingiliwa na watu wengi huiongeza zaidi, lakini hakuna mtu anayeweza kuahidi mnyama wa porini. Anayeahidi dume kwa kila mteja huenda ana shamba lenye uzio ambamo elki hufugwa, na kama ndivyo, mwache aseme waziwazi; mimi binafsi nisingesafiri kutoka Moshi hadi Marekani ili kumpiga mnyama aliye ndani ya boma. Waulize pia, kabla ya lolote, wanamaanisha nini wanaposema mteja amepata “nafasi”. Kwa wengine, elki aliyeonekana kwa mbali upande wa pili wa bonde huhesabiwa kuwa nafasi.

Inabaki ya pili, ambayo huenda ikawa nzuri au mbaya, na hilo utaligundua kwa kuuliza. Katika Colorado kila kampuni inayowaongoza wawindaji kwa malipo lazima isajiliwe na jimbo, iwe na dhamana ya fedha na bima, na impe mteja mkataba wa maandishi. Binti yako anaweza kuhakiki usajili huo kwa muda mfupi sana, na anaweza kuona kama kampuni imewahi kuadhibiwa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya milima hiyo ni misitu ya taifa, muulize mwenye kampuni kama ana kibali cha Idara ya Misitu ya Marekani kwa eneo lilelile atakalokupeleka. Kibali hutolewa kwa eneo maalumu, kama vile vitalu vyetu vya uwindaji vinavyogawiwa kwa kampuni moja moja, na mwenye kibali cha bonde moja hana ruhusa ya kuongoza wateja katika bonde la jirani kwa sababu tu elki wamehamia huko.

Hata hivyo, karatasi zikiwa safi bado hujamchagua mwongozaji; umechagua kampuni tu. Hapa ndipo wengi hukosea, hata wateja wanaokuja kwetu. Mtu husoma sifa za mwenye kampuni, akaongea naye kwenye simu, akampenda, kisha siku ya kwanza porini anakabidhiwa kijana aliyeajiriwa wiki mbili zilizopita. Kwetu mwindaji bingwa, yaani yule anayeongoza wateja, ana leseni yake binafsi na hutahiniwa, kwa hiyo mgeni ana mahali pa kuanzia. Huko kiwango cha waongozaji hutofautiana kwa majimbo, na Colorado husajili kampuni, huku mwongozaji mwenyewe akitakiwa hasa kuwa na cheti cha huduma ya kwanza. Kwa hiyo omba jina la mtu atakayetembea na wewe, uliza amefanya kazi katika eneo hilo kwa misimu mingapi, na omba kuzungumza naye kwa simu. Ukiongea naye, mwache aeleze jinsi anavyowinda katika wiki ile utakayokwenda. Madume hulia kwa sauti kali wakati wa kupandana, kuanzia Septemba hadi mapema Oktoba, na wakati huo mwongozaji humwita dume kwa kuiga mlio wake. Lakini misimu ya bunduki katika Colorado huanza katikati ya Oktoba, madume wanapokuwa wamekwisha kunyamaza na wanakaa kwenye miti minene, wakitoka kula alfajiri na magharibi tu. Mwongozaji anayekusimulia habari za kuita madume tu ilhali wewe unakwenda Novemba, huyo anakuuzia hadithi ya msimu mwingine. Anayekueleza kwamba theluji ikianguka nyingi elki hushuka chini, na kwamba ana mahali pa kuwangojea, huyo msikilize.

Mwulize pia atakuwa na wawindaji wangapi. Mmoja kwa mmoja ni bora. Wawili kwa mwongozaji mmoja ni jambo la kawaida na hupunguza bei, lakini kwa umri wako ungependa kutembea kwa mwendo wako, si kwa mwendo wa mtu usiyemjua wa miaka 30.

Kuhusu ushuhuda wa wateja waliopita, usikubali majina matatu waliyokuchagulia. Omba majina ya wote waliowinda nao mwaka jana katika msimu uleule, na wapigie kwanza waliorudi bila nyama. Mtu aliyekosa elki na bado anasema angerudi kwa mwongozaji yuleyule amekuambia mengi kuliko picha yoyote ya pembe.

Sasa mambo ya leseni, ambayo mwongozaji hawezi kukuondolea. Leseni nyingi za Colorado hupatikana kwa kura, maombi hufungwa mapema Aprili, na wanaoomba bila kufanikiwa hujikusanyia pointi za miaka ijayo. Nyingine huuzwa bila kura, lakini kanuni hubadilika, kwa hiyo fuata kijitabu cha mwaka husika. Leseni ya mgeni wa nje ya jimbo kwa dume huzidi dola 700, na hulipwa upate usipate, tofauti na hapa ambapo ada ya mnyama hulipwa anapouawa au kujeruhiwa. Kwa kuwa ulizaliwa baada ya mwaka 1948 utatakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya wawindaji, na usidhani kwamba cheti chako cha Mweka kitakubaliwa badala yake. Zaidi ya hayo, sheria ya Marekani humzuia mgeni wa viza ya matembezi kushika bunduki au risasi, ila kwa sababu chache, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Hivyo hata kwenda kujaribu shabaha na mkweo kungoje mpaka leseni iwe mkononi. Bunduki azima kwa kampuni, wala usihangaike kusafiri na yako.

Jambo la mwisho ni mapafu. Rau iko chini ya mita 1,000. Panda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mpaka kambi ya Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, mara kadhaa kabla ya safari, ukiwa na mzigo mgongoni, kisha mweleze mwongozaji kwa ukweli ulichukua saa ngapi. Mwongozaji mzuri atapanga siku zako kwa jibu hilo.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mfuatilia nyayo katika kampuni ya uwindaji hapa Arusha. Mteja wetu mmoja amenialika kwake Wyoming nikawinde elki pamoja naye, na anasema yeye mwenyewe ataniongoza bila malipo. Je, ni lazima nitafute mwongozaji wa kulipia? — Kijana wa Sakina.

JIBU: Si lazima kila mahali, ila uliza mtawinda wapi hasa. Wyoming ina misitu ya hifadhi isiyo na barabara ambamo asiye mkazi wa jimbo haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa bila mwongozaji mwenye leseni, au mkazi wa Wyoming aliyechukua kibali cha bure cha kumwongoza mgeni. Mwambie mwenyeji wako achukue kibali hicho mapema, na jina lako liwemo. Nje ya misitu hiyo mnaweza kwenda wawili tu, ilimradi umeshinda kura ya leseni.

Lakini rafiki akianza kudai fedha zaidi ya kuchangia petroli na chakula, mambo hubadilika. Atakuwa mwongozaji asiye na leseni, na kwa Sheria ya Lacey, ile ya Marekani inayozuia biashara ya wanyamapori waliopatikana kinyume cha sheria, iliyopitishwa mwaka 1900 na kurekebishwa baadaye, huduma ya kuongoza kinyume cha sheria huhesabiwa kama kuuza mnyama. Mgeni hapaswi kujikuta upande wa mnunuzi.

SWALI: Mwenye kampuni anataka nusu ya fedha sasa, na anasema tipu haimo kwenye bei. Ni kawaida? — Msomaji, Moshi.

JIBU: Ndiyo, yote mawili. Uwindaji wa siku 5 wenye mwongozaji mara nyingi hugharimu kati ya dola 6,000 na 10,000, na nusu ya awali ni desturi. Usiitume kabla mkataba haujaeleza nini kitatokea ukikosa leseni kwenye kura, ukinyimwa viza, au mwongozaji uliyeahidiwa asipokuwapo. Kwa Mtanzania hilo la viza ndilo la kwanza kuandikwa. Mwombe akubali kwamba fedha zihamishiwe mwaka unaofuata iwapo ubalozi utakukatalia, na akisita, tafuta mwingine.

Tipu, mtu wa Moshi hahitaji kufundishwa. Wengi huko humpa mwongozaji kati ya asilimia 10 na 20 ya bei, mnyama apatikane asipatikane. Mpishi na mtunza farasi hupewa zao mkononi, mbali na za mwongozaji.