Maswali ya wasomaji: mistari mikali, mbona hakuna anayeimba?

Kaka habari za kazi. Mimi niko Kihonda, Morogoro, mchana naendesha boda usiku naandika. Washkaji wanasema mistari yangu mikali, ila nikiwapigia ngoma wanatikisa kichwa tu, hakuna anayeimba na mimi. Nimekutumia voisi ya korasi. Kuna jamaa anataka laki tatu anipeleke redioni, nimpe?

Dogo, nzuri kabisa. Laki tatu ibaki kwenye simu kwanza. Voisi nimeisikiliza nikiwa kwenye daladala, nikairudia nyumbani. Unaimba hivi: "Nimesimama barabara nakungoja, mvua inaninyeshea mwenzio sina hata koti na simu yako haipatikani tangu asubuhi." Sauti unayo, hilo tusibishane. Ila hapo kwenye "barabara" umevuta "ra" ya kwanza, baRAbara, mimi nikajua umesimama wima kabisa kama askari wa gwaride, hadi nilipofika kwenye mvua ndo nikashtuka kumbe jamaa yuko njiani anamsubiri mtu!

Kiswahili chetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. PEnda, penDAna, pendaNEni, neno likirefuka mkazo nao unasogea. Lile pigo zito la biti likidondokea silabi nyingine neno linapinda, msikilizaji halielewi vizuri, na neno asilolielewa hawezi kuliimba, anatikisa kichwa tu kama hao washkaji zako. Maneno machache sana yanakwepa hii sheria na we ndo umeenda kulichukua mojawapo, barabara ya kupita magari inafuata kawaida, barabara ya "sawasawa" ndo inakaza "ra".

Halafu hesabu silabi. Mstari wa kwanza una 13, wa pili nimehesabu kwa vidole nikapata 35, unapumulia wapi dogo? Washairi wetu wa zamani walikuwa na mizani, nane kwa nane, na walijua wanachofanya maana mashairi yao yaliimbwa na kushikwa kichwani na watu ambao wengine hata kusoma hawakujua. Sikuambii uandike shairi la gazetini, lakini korasi ijaribu kwa mizani hiyo uone. Nimechezea ya kwako:

Nangoja barabarani,
simu haipatikani.

Nane na nane, kina kimekaa chenyewe, na ukisema barabarani hakuna tena mtu wa kudhani uko gwaride. Mvua na koti peleka kwenye beti, huko ndo kuna nafasi ya kusimulia. Ikikaa sawa mwimbie mdogo wako mara mbili tu, mwache aendelee kuosha vyombo, usimuulize kitu. Baada ya nusu saa pita tena jikoni, ukimkuta anaimba ujue una ngoma, ukimkuta kimya rudi kwenye daftari.

Sasa ya redioni. Mimi zamani nilishampa mtangazaji mmoja "hela ya soda", ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili, ngoma akaipiga mara moja saa nane usiku na mwenyewe nilikuwa nimelala. We una boda! Abiria wangapi kwa siku wanakaa nyuma yako dakika kumi hawana pa kwenda? Funga kaspika, piga korasi, nyamaza, wasikilize. Jamaa wa vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi wapelekee bure, na madj wa mitaani hivyohivyo. Ukiona abiria anauliza "hii ya nani?" bila we kumuanza, hapo ndo ufikirie kutoa hela, na hata hapo si yote laki tatu kwa mtu mmoja.

Mie ni dada wa Likoni, Mombasa. Ngoma yangu ishatoka studio, sina lebo. Nitaiwekaje Spotify na Boomplay mwenyewe, na pesa naanza kuona lini?

Dada, pole na hongera. Huko huweki mwenyewe moja kwa moja, unapitia kwa msambazaji wa mtandaoni, wapo kina DistroKid na TuneCore, wengine unalipa kwa mwaka wengine wanakata asilimia, soma kabla hujabonyeza. Watakupa ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu 12 inayoitambulisha rekodi yako, ihifadhi. Usipandishe leo ukitaka itoke kesho. Ukitaka wahariri wa Spotify waifikirie kwenye orodha zao inabidi uwapelekee angalau siku 7 kabla haijatoka, mimi naona bora uweke wiki tatu au nne.

Pesa? Nitakuwa mkweli. Tangu 2024 Spotify wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi kitu. YouTube ili ule mgao wa matangazo kwa video za kawaida inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Kwa hiyo mwaka wa kwanza usiache kazi.

Ila kabla ya yote, biti umeipata wapi? Kama ni ile ya "bure" ya YouTube, mara nyingi ni bure ya kujifunzia tu, siku ngoma ikianza kutembea mwenye biti anaidai na mapato yanaenda kwake. Kama ni ya prodyuza wako basi andikeni karatasi, nani ana asilimia ngapi ya utunzi na nani anamiliki rekodi, msaini wote wawili wakati bado mnacheka pamoja. Na kazi uisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, huko kwenu Kenya ni KECOBO, sisi huku Tanzania ni COSOTA.

Naandika vizuri ila sauti sina kabisa, kama debe. Niache muziki?

Wewe uza mistari. Rekodi hivyohivyo na sauti ya debe, tarehe itajwe, jisajili kama mtunzi, halafu katafute anayeimba vizuri na hajui kuandika. Amini nakwambia wamejaa, na mmoja yuko hapo juu Kihonda.