Maswali ya Wasomaji: Skrubu Moja, Majina Matatu

SWALI: Natafsiri kitabu cha maelekezo ya pampu ya maji, kutoka Kiingereza kwenda Kiukraine. Chuoni nilijifunza Kirusi kwanza. Mhariri Mukraine kanirudishia kazi imejaa wino mwekundu: neno langu la "stress" kalikata, na "screw" kaibadilisha kila ukurasa kwa jina tofauti. Nakosea wapi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, Kirusi ndicho kinachokuponza. Kirusi kina neno moja, napriazhenie, kwa volteji na kwa mkazo ulio ndani ya chuma. Kiukraine kimeyatenga: napruha ni volteji, napruzhennia ni mkazo. Ukiandika napruha kwenye jedwali la megapaskali (kipimo cha mkazo), fundi ataanza kutafuta waya.

Kwa skrubu, tazama inaingia wapi. Ya kufungwa kwenye tundu lenye nyuzi tayari ni hvynt. Ya mbao ni shurup. Inayojikatia nyuzi yenyewe, mathalani kwenye bati, ni samoriz. Angalia kwamba hvynt ni rafadha ya meli pia, kwa hiyo usibadilishe neno hilo kwa mkupuo kitabu kizima.

Kosa jingine la waliotokea Kirusi ni kuandika rizhuchyi, yaani "kinachokata", kwa kifaa cha kukatia. Sahihi ni rizalnyi. Mswahili hana sababu ya kulisahau hili: "kisu cha kukatia" si "kisu kinachokata", na kiishio -lnyi kinafanya kazi ileile ya -ia yetu. Vivyo hivyo uchoraji na mchoro: kreslennia ni kazi ya kuchora, kreslenyk ni karatasi yenyewe, kwa mujibu wa kiwango cha taifa DSTU 3321 cha 2003. Viwandani wengi bado huita karatasi kreslennia. Muulize mteja anataka lipi, kisha usichanganye.

Beringi iandike pidshypnyk. Kamusi nyingine zitakupa valnytsia, neno safi la Kiukraine, lakini fundi wa kawaida halitumii.

Namba zikague mwisho, peke yake, maana programu za kutafsiri zinaweza kuziacha zilivyo. Kiukraine hutenga desimali kwa mkato: 0.05 mm iwe 0,05 мм. Mizunguko 1,250 kwa dakika iandike 1250 об/хв. Ukiuacha mkato ule, pampu itazunguka mara moja na robo.