Muulize Fundi: Alamu inalia, lakini kioo hakiwaki

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, naishi Pasua. Kishikwambi changu ni kati ya vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, kisha walimu tukagawiwa. Siku hizi kikishalala hakiamki. Nikibonyeza kitufe cha kuwashia, kioo kinamulika kidogo halafu giza. Cha ajabu, alamu ya saa 11 alfajiri inalia kama kawaida, nami nainyamazisha kwa kitufe cha sauti. Fundi mmoja wa mjini kaniambia bodi imekufa, labda kiflashiwe. Humo nina maandalio ya masomo na alama za wanafunzi wa darasa la saba. Nifanyeje?
Mwalimu, Pasua

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usikubali kiflashiwe, yaani kifutwe na kuwekewa programu upya, angalau si sasa. Alamu hiyo ndiyo shahidi wako: bodi iliyokufa haiwezi kukuamsha alfajiri. Betri ina chaji, saa inatembea, spika inatoa sauti. Kuflashi ndiko kutakakofuta alama za watoto, na inaniuma kila ninapoona mtu amepoteza kazi ya mwaka mzima kwa tatizo ambalo halikuwa hata kwenye programu.

Hujaniambia kama umekivalisha kava ya kukunja. Nauliza kwa sababu dalili ya kumulika kisha kuzima naijua, na mara nyingi hapa kwenye meza yangu Arusha naanza kwa kuvua kava tu. Kava hizo zina sumaku ndani ya kifuniko. Vishikwambi vingi navyo vina kihisi kidogo pembeni mwa kioo. Kikiinasa sumaku, kinachukulia kwamba umefunika, kinakilaza kifaa. Kava ikiwa ya modeli nyingine, zile unazochagua kwenye fungu sokoni kwa kukadiria ukubwa kwa macho, sumaku inaangukia pasipo pake. Ukiikunja kwa nyuma ili ushike vizuri, ndiyo kwanza unaisogeza karibu na kihisi. Hapo utabonyeza mpaka kidole kiume, maana kila ukikiamsha kinaambiwa kilale. Kwa hiyo vua kava, iweke mbali kabisa. Angalia pia usikilaze juu ya spika au pochi yenye kifungo cha sumaku. Kisha bonyeza.

Kisipoamka, kilazimishe kuwaka upya. Shikilia kitufe cha kuwashia bila kuachia kwa sekunde 30 hivi. Kikikaa kimya, shikilia hicho pamoja na cha kupunguza sauti mpaka kitetemeke au nembo itokee. Hii haifuti kitu chochote, fanya bila hofu. Ila ukijikuta kwenye ukurasa mweusi wenye orodha ya maneno ya Kiingereza, umeshikilia kupita kiasi: shuka kwa kitufe cha sauti hadi "Reboot system now", thibitisha kwa kitufe cha kuwashia, basi. Mstari wenye neno "Wipe data" usiuguse. Huo unafuta vyote, na baada yake kifaa kinaweza kudai akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo. Kama aliyekiandaa alitumia akaunti ambayo huna nywila yake, utabaki nje ya mlango.

Kuhusu chaji sitasema mengi, kwa kuwa kwako betri iko hai. Wasomaji ambao chao hakilii wala hakitetemeki, waanzie hapo: chaja ya ukutani ya ampea 2, waya mzima, saa nzima bila kukigusa. Tundu la kompyuta mara nyingi linatoa nusu ampea tu, na betri iliyokauka kabisa haiamki upesi kwa hiyo.

Kikiwaka, Mwalimu, kabla hujafanya jingine lolote hamishia alama na maandalio kwenye memori kadi au flashi. Halafu tazama nafasi iliyobaki. Kifaa kilichojaa video mpaka pomoni huchelewa kuamka, na kingine hugoma kabisa.

Na kama hayo yote hayakusaidia, subiri usiku, zima taa chumbani, bonyeza kitufe, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande, si moja kwa moja. Tazama kwa makini. Ukiona kwa mbali saa au picha yako ya mwanzo, basi kishikwambi kimeamka, ila taa ya nyuma ya kioo ndiyo haifanyi kazi: ama kioo kimekufa, ama utepe wake umelegea, hasa kama kiliwahi kuanguka. Hiyo ni kazi ya fundi kweli, lakini ni ya kufungua na kubadilisha kioo, na memori haiguswi. Mwambie afanye ukiwa umekaa hapohapo, na nywila yako usimpe. Kioo kinajaribiwa bila nywila.