Kechi au skuna? Usihesabu milingoti peke yake

Kijana umeuliza kwamba umeona yoti mbili zimetia nanga Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, zote zina milingoti miwili, moja wanaiita kechi na nyingine skuna, sasa tofauti iko wapi, na jahazi letu laingia kundi gani. Ntakujibu vile nlivofundishwa, manake nimefanya ubaharia kwenye hizo yoti miaka sita hapo hapo Mtwapa, na kabla ya hapo nimekulia Mji wa Kale nikipanda mashua na wajomba zangu.

Kwanza elewa kitu kimoja ambacho ndo chatuchanganya sisi watu wa pwani. Sisi chombo twakiita jina kwa umbo lake la ubao. Dau limechongoka omo na tezi, yaani mbele na nyuma, mashua tezi yake imekatwa bapa, bumu la Waarabu nyuma limechongoka, na hapo hujatazama tanga hata kidogo. Wenzetu wa yoti wao kinyume, waangalia milingoti imesimama wapi na matanga yamepangwa vipi, ubao uwe vyovyote. Ndo maana chombo kimoja chaweza kubadilisha jina kikiwa safarini. Joshua Slocum, yule mtu wa kwanza kuzunguka dunia peke yake kwa tanga, alitoka Boston mwaka 1895 na Spray yake ikiwa slupu, akiwa Amerika ya Kusini akaongeza kilingoti kidogo nyuma ikawa yoli, na akamaliza safari 1898. Chombo ni kile kile. Slupu na yoli ntakueleza hapo chini.

Ya mlingoti mmoja ni rahisi. Tanga kubwa nyuma ya mlingoti na jibu moja, yaani tanga dogo la mbele, hiyo slupu, na yoti nyingi utakazoona ni hizo. Ikiwa na matanga mawili ya mbele, na mara nyingi mlingoti wenyewe umesogezwa nyuma kidogo, hiyo ni kata.

Sasa milingoti miwili, hapa ndo mimi mwenyewe nlikosea mwaka wangu wa kwanza. Nliambiwa nipeleke madumu ya dizeli kwa dingi, kile kimashua kidogo cha makasia, "kwenye ile skuna", nikaona chombo cha milingoti miwili nikaenda moja kwa moja, kumbe ni kechi, skuna ilikuwa imetia nanga mbali huko juu, na mpaka nimegeuza maji yashaanza kutoka, nikapiga kasia dhidi ya mkondo saa nzima na ile skuna ikakosa maji ya kutokea siku hiyo. Nahodha hakunigombeza, alichukua kipande cha makaa akanichorea pale kwenye sakafu ya gati, na mchoro ule sijausahau mpaka leo.

Angalia mlingoti upi ni mrefu. Mrefu ukiwa wa mbele na wa nyuma ni mfupi, hiyo ni kechi au yoli. Wa nyuma ukiwa ndo mrefu, au yote miwili iko sawa, hiyo skuna. Na skuna haikomi kwa miwili, kuna Thomas W. Lawson ya Marekani iliyoshushwa majini 1902, milingoti 7, na bado jina ni skuna.

Kutenganisha kechi na yoli watu hubishana sana. Kanuni ni hii: ule mlingoti wa nyuma, wazee wetu wauita galmi, ukisimama mbele ya mti wa usukani ni kechi, ukisimama nyuma yake ni yoli. Lakini usukani uko chini ya maji huuoni, kwa hivo tazama tanga la galmi, kwenye kechi ni tanga la maana lafanya kazi, kwenye yoli ni dogo sana limening'inia huko mwisho wa tezi. Mimi naipenda kechi kwa dhati. Kusi, upepo wa kusini, likivuma kwa nguvu hapo nje ya mwamba twashusha tanga kubwa la kati, twabaki na jibu na galmi, na chombo chatulia, hakivutani na usukani. Suhaili ya Mwingereza Robin Knox-Johnston, aliyezunguka nayo dunia peke yake bila kuingia bandarini njiani mpaka 1969, ni kechi ya futi 32, na imeundwa Bombay kwa msaji, mbao zile zile mafundi wa majahazi wazipenda.

Umbo la tanga ni swali jengine usilichanganye na hili. Tanga la pembe tatu waliita la Bermuda, la pembe nne lenye boriti juu waliita la gafu, kwa hivo waweza kukuta kechi ya gafu au slupu ya gafu.

Na jahazi? Si slupu hata kama lina mlingoti mmoja. Tanga letu lafungwa kwenye foromali, ile boriti ya tanga, iliyolala mshazari, sehemu yake iko mbele ya mlingoti na sehemu nyuma, na mengi ncha ya mbele imekatwa. Ndo maana kugeuza ni kazi ya watu, foromali yazungushwa mbele ya mlingoti, demani, kamba ya kuvuta tanga, yahamishwa upande wa pili, wakati kwenye slupu mtu mmoja ageuza mwenyewe. Hata jahazi kubwa lenye galmi nyuma usiliite kechi.

Zile mbili za Mtwapa zipige picha kwa ubavuni uiweke hapa nikwambie, usipige kwa omo, manake milingoti yafichana na hutajua upi mrefu.