Sentensi kuu: wafundishe kuuliza "kivipi?"

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako hapo Kisumu hupigia mstari sentensi ya kwanza ya kila aya na kudai ndiyo kuu, yaani inayobeba wazo la aya nzima. Waandikie mbili ubaoni: "Kisumu iko kando ya Ziwa Victoria" na "Magugu maji huwatia hasara wavuvi wa Kisumu." Kisha wape vikaratasi vyenye maelezo: nyavu hunasa na kuchanika, mashua hukwama kwenye ufuo wa Dunga, injini huharibika. Wajaribu kila kimoja chini ya zote mbili, wakiuliza "kivipi?" Ya kwanza ni kweli, lakini haidai maelezo yoyote, ya pili inayaita. Wakishazoea, walete aya yenye sentensi kuu mwishoni, maana wajanja hukariri mahali tu. Na ile "Katika aya hii nitaeleza…" ipige marufuku kabisa.